Jiwe la Mlango wa Zizi

Ivuna, Momba
18 Februari 2024

Erica,

Salamu utazipata kwa mdomo wa Lusubilo, maana anaongea kuliko injini ya lori lake la chumvi. Mimi nina haraka.

Usinipigie simu. Huku kwetu mtandao uko juu ya kichuguu kimoja tu, na ukisimama pale kuongea mbuga nzima inajua unaumwa nini na unampenda nani. Andika. Tulipokuwa bweni moja pale Vwawa ulikuwa unaniandikia vikaratasi hata nikiwa kitanda cha juu yako, kwa hiyo usijifanye umesahau.

Lusubilo atakupa karatasi za mfuko wa saruji zilizokunjwa. Nimezilaza juu ya jiwe nikasugua mkaa, ndiyo maana umbo limetoka hivyo. Jiwe lenyewe ni bapa, refu kama kitanda, la kijivu, na limelala upande. Mafuriko ya Januari yameondoa udongo na sasa linaonekana lote. Juu lina mabonde madogo madogo, laini sana, ukipitisha kiganja unadhani umeshika shavu la mtoto. Nimeweka na kipande kilichomeguka pembeni. Nimekiosha vizuri kwa sabuni ili usichafue meza yenu.

Wewe ndiye fundi wa mawe. Niambie nani aliling'arisha: mtu, maji, au Mungu mwenyewe. Usiulize liko wapi wala la nani. Jibu tu unachokiona, uandike vizuri, uweke jina lako na kazi yako chini.

Kabula Maduhu

*

Tunduma
27 Februari 2024

Kabula mwana wa Maduhu,

Hivi wewe ni mtu wa namna gani? Mwaka mzima kimya, halafu unaniletea mizigo ya mkaa na amri kama mkuu wa wilaya! Hujambo? Mama hajambo? Mdogo wako Ngusa ameoa au bado anachagua? Haya, usijibu, najua hutajibu.

Huku tumebanwa kweli. Watu wa Tunduma na wa Nakonde ng'ambo ya mpaka ni kama wamekubaliana kufa kwa heshima mwaka huu, kila mmoja anataka kaburi linalong'aa. Grinda inalia tangu asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Bosi wangu, Mzee Gwamaka, amenipa kazi zote za mng'aro kwa sababu anasema mkono wangu una subira. Umesikia? Mimi, subira!

Sasa jiwe lako. Nimetandaza zile karatasi juu ya meza na nimezikodolea macho mchana kutwa. Kabula, sikiliza. Maji hayafanyi hivi. Maji hulainisha jiwe lote, mbele na nyuma, kama kokoto za mtoni. Hili limelainishwa mahali na kuachwa mahali. Haya ni mabonde ya kusuguliwa, na aliyeyasugua hakuwa na haraka. Nimefanya kazi ya mawe ya makaburi miaka sita na nasema bila wasiwasi: limeng'arishwa na mikono ya watu, kwa mchanga na maji, kwa muda mrefu, tena kwa mapenzi. Hakuna mtu anayejisumbua hivyo kwa jiwe la kawaida. Hili ni jiwe la heshima, la mtu mkubwa aliyelala. Ningekuwa nimelikuta mimi ningevua viatu.

Haya, nimeandika vizuri kama ulivyotaka. Halafu jiwe la marehemu baba yako bado liko nyuma ya duka. Nililichagua mwenyewe siku ile niliporudi kutoka msibani, na Mzee Gwamaka amenipa ruhusa. Nangoja maneno yenu tu. Yule mzee alinipa maziwa likizo nzima ile mvua ilipokata barabara ya kwetu Ileje, akaniita binti wa milimani. Sijasahau hata kidogo.

Erica, fundi mng'arishaji, Tunduma

*

Ivuna
10 Machi 2024

Erica,

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya mkutano wa kijiji, neno kwa neno, mpaka jina na kazi yako. Asante kwa kuandika vizuri.

Sasa nikwambie lilipo. Jiwe lile liko kwenye mlango wa zizi letu. Wewe mwenyewe umewahi kuliruka asubuhi ukienda kukamua, ila wakati ule mgongo tu ndio uliokuwa nje. Mafuriko yalipolifunua, Bibi Enesi alipita akaliona, akapiga magoti. Akasema hilo ni kaburi la mzee wa kwanza aliyefungua kijiji hiki, na kwamba alipokuwa mtoto walikatazwa kukaa juu yake. Wazee wenzake wakaitikia. Wakasema Wasukuma wamefuga ng'ombe juu ya kaburi la mwenye nchi.

Mwenyekiti Fanuel si mtu mbaya. Alisema tusikurupuke, aitwe mtu anayejua mawe. Nikasimama nikasema ninaye rafiki anayefanya kazi ya mawe, sitamwambia chochote, na atakachoandika nitakisoma kama kilivyo. Ndiyo maana nilikuficha. Nilitaka jibu lisilo na huruma ndani yake.

Nimelipata. Tukimaliza kuvuna mpunga tunahama. Tutapewa eneo jingine upande wa Ndalambo, zuri tu, lina maji. Wametuheshimu, sina la kulalamika kwao.

Ila baba yuko ndani ya zizi, Erica. Tulimlaza pale karibu na mlango, kwa ng'ombe wake, kama wazee wetu wanavyolazwa. Wewe ulikuwepo, ulitupa udongo. Ng'ombe wanahama, nyumba inahama. Yeye hahami.

Kabula

*

Tunduma
16 Machi 2024

Kabula!

Una wazimu? Una wazimu kabisa? Ungeniambia! Mstari mmoja tu: Erica, chunga ulimi wako, hapa ndipo alipo baba. Ningekaa na karatasi zile wiki nzima. Badala yake nikajitanua kama jogoo, "nasema bila wasiwasi", "ningevua viatu". Viatu! Nimejisoma tena kichwani mwangu mpaka nikatamani kujipiga makofi. Nimelia mbele ya grinda na Mzee Gwamaka akadhani vumbi limenichoma.

Nimekukasirikia na bado nimekasirika. Siku zote umekuwa hivyo. Darasani ulikataa hata kunakili hesabu zangu, ukapata sifuri ukiwa umeinua kichwa.

Sasa fanya ninavyokwambia. Humu ndani kuna barua ya pili. Nimeiandika rasmi na nimegonga mhuri wa duka. Inasema nimeangalia upya, kwamba karatasi za mkaa hazitoshi, kwamba jiwe linaweza kuwa limelainishwa na maji na yale ya kwanza niliyasema kwa pupa. Ipeleke kwa Mwenyekiti kesho asubuhi. Usifikirie. Peleka tu.

Erica

*

Ivuna
24 Machi 2024

Erica,

Barua yako yenye mhuri nairudisha. Iko ndani ya bahasha hii, sijaionyesha kwa mtu.

Usinune. Nikuulize kitu kimoja: unaamini ulichoandika humo? Unaamini ni maji? Kama unaamini, irudishe tena na nitaisoma nikiwa nimesimama. Kama umeandika kwa sababu unampenda baba, basi ibaki kwako. Mimi siwezi kukaa juu ya kaburi la baba wa watu ili nilinde la kwangu. Baba mwenyewe angetoka zizini kunichapa.

Ngusa haoni hivyo. Alhamisi alikuja na nyundo kubwa ya kuvunjia kokoto. Anasema jiwe likiwa vipande hakuna kaburi, na hakuna kaburi hakuna kuhama. Nikakaa juu ya jiwe. Akasema shuka, nikasema nipige kwanza mimi. Tukabaki hivyo, dada na mdogo wake, nyundo katikati, mama analia mlangoni. Mwisho akaitupa chini, akaenda kuchunga bila kula. Hajanisemesha tangu siku hiyo.

Naogopa, Erica. Nakwambia wewe kwa sababu huku siwezi kumwambia mtu. Nimekaa juu ya jiwe lile na sijui nimekalia nini. Kama ni kaburi nitahama, na nitahama vizuri. Ila nataka kujua, si kudhani. Bibi Enesi anadhani. Wewe ulidhani. Mimi pia sijui.

Mpunga umeanza kuinama. Fanya haraka.

Kabula

*

Tunduma
2 Aprili 2024

Kabula kichwa ngumu,

Hapana, siamini ni maji. Barua ile nimeitia kwenye jiko la mama lishe wa jirani, imechemsha chai. Umeridhika?

Nimekwenda Vwawa na kile kipande chako, kwa mtu anayeshughulika na madini. Ametulia vizuri, akakitazama kwa lenzi, akaniambia ni mchanga wa zamani ulioshikana ukawa jiwe, si la thamani, liko jingi huko bondeni kwenu. Nikamuuliza nani amelisugua. Akasema hapo ananiuliza mimi, maana mng'arishaji kati yetu ni mimi. Nikatoka nje nikasimama pale barabarani malori yanapita, nikajiambia ni kweli.

Kwa hiyo nimerudi kwenye karatasi zako, safari hii kwa adabu. Kuna jambo halinikai sawa. Mtu akisugua jiwe kwa jiwe mkono unakwenda mbele na nyuma, unaacha mikwaruzo imelala upande mmoja. Hata mimi na msasa wangu wa maji, ukiniwekea taa ya ubavuni, mikwaruzo yangu unaiona. Kwenye mkaa wako siuoni hata mmoja. Aliyesugua jiwe hili hakuwa na kifaa kigumu mkononi. Alikuwa na nini basi? Ngozi? Kitambaa? Sijui, na safari hii nakwambia sijui.

Nisaidie mambo mawili. Kwanza, lile jiwe ulisema limelala upande. Ingiza karatasi chini ya ule upande ulioinuka, uvunguni, usugue mkaa na huko. Megua kipande kingine hukohuko, na tafadhali USIKIOSHE, mimi si mgeni wa kuletewa jiwe lililooga. Pili, kaa hapo zizini siku nzima uniandikie kila kitu kinacholigusa jiwe hilo. Kila kitu, Kabula, hata cha kijinga. Hasa cha kijinga.

Erica

*

Ivuna
14 Aprili 2024

Erica,

Nimelala kifudifudi kwenye tope la zizi kwa ajili yako, nikasugua mkaa uvunguni nisikokuona. Mama amesema nimerogwa. Uvunguni ni laini kuliko juu. Nilishangaa, maana upande huo umekuwa ndani ya udongo tangu tuhamie hapa, na hiyo ni miaka kumi na miwili. Hakuna aliyeugusa.

Kipande hakijaoga. Kinanuka, shauri lako.

Haya, mambo ya kijinga uliyotaka. Asubuhi kuku alipanda akashuka. Mama alianika khanga mbili, akaziondoa mvua ilipotishia. Watoto wa jirani walitaka kuruka, nikawafukuza kwa sababu ya Bibi Enesi. Mjusi. Ng'ombe wakitoka kwenda malishoni wanalilamba, wakirudi wanalilamba tena, wanasukumana pale mlangoni mpaka unawapiga fimbo ndipo wapite. Ngusa alikuja akalitazama, akatema mate pembeni, akaondoka. Mchana hakuna kitu, jua tu. Jioni mbuzi wawili. Mimi nilikaa kidogo nikafikiria baba alivyokuwa anawaita ng'ombe mmoja mmoja kwa jina, akianza na yule dume jekundu.

Ndiyo yote. Sijui utapata nini humo.

Wiki ijayo tunaanza kuvuna.

Kabula

*

Tunduma
21 Aprili 2024

KABULA!

Nimelamba jiwe. Mimi, Erica, mzaliwa wa Ileje, niliyebatizwa na kipaimara juu, nimelamba jiwe la zizini katikati ya duka, asubuhi kweupe, na mteja wa kutoka Nakonde amesimama ananitazama. Chumvi! Jiwe lako lina chumvi, tena si ya mchezo. Mzee Gwamaka akaninyang'anya akalamba na yeye. Mteja akatusalimia "mulishani" kwa woga, kisha naye akaomba alambe.

Yaani wewe mwanamke! Ng'ombe wanalilamba asubuhi, wanalilamba jioni, mpaka wapigwe fimbo, na hukuniambia tangu Februari! Uliniandikia habari ya sabuni ukaacha ng'ombe! Najua utasema ng'ombe wanalamba kila kitu, na kwako hiyo si habari. Na mimi kwa sababu kutwa kucha nasugua makaburi, nikiona jiwe linang'aa naona marehemu. Tumekuwa vipofu wawili, kila mmoja kwa kazi yake.

Sasa tulia usome polepole, kwa sababu hili naliamini na naliwekea jina langu.

Ulimi wa ng'ombe ni msasa wenye maji yake. Unasugua bila kukwaruza, unachimba bonde pale penye ladha na kuacha pasipo na ladha. Ndiyo maana jiwe ni laini mahali na linaparuza mahali. Halafu uvunguni. Hakuna fundi anayeng'arisha uvungu, Kabula. Mtu akimtengenezea mkubwa wake jiwe, analing'arisha usoni, watu waone. Hili linang'aa zaidi kule chini, ambako maji ya chumvi yanachuruzika na hakuna jicho linalofika. Kabla tope halijajaa, ardhi ilikuwa chini na ng'ombe waliinamisha kichwa tu wakafika. Mabonde ya chini na ya juu yana umbo moja, nimeyapima kwa karatasi juu ya karatasi. Ya juu yanalambwa na ng'ombe wenu sasa hivi. Ya chini yamelambwa na ng'ombe wengine, zamani, kabla Maduhu hajafika Ivuna.

Si kaburi. Ni mahali pa kulambia chumvi.

Lakini kuna jambo linaniogopesha, na sitakuficha kama ulivyonificha mimi. Hili linaondoa kaburi, haliwapi nyinyi jiwe. Ng'ombe wa zamani walikuwa na wenyewe. Wakiamua kusema ni letu, ondokeni hata hivyo, sina la kukusaidia.

Muulize Bibi Enesi, kwa heshima, walikatazwa nini hasa. Usimbishie. Muulize tu.

Erica, fundi, na safari hii nimekunja mikono kabla ya kuandika

*

Ivuna
12 Mei 2024

Erica,

Barua hii ndefu, kaa chini.

Nilimwomba Mwenyekiti Fanuel mkutano mwingine. Alikuwa amechoka na jiwe hili, akasema utakuwa wa mwisho. Nikaomba ufanyike palepale zizini. Watu wakaja, wengine wamekuja kuona Wasukuma wanavyong'ang'ania. Nikasoma barua yako. Nilipofika kwenye mteja wa Nakonde walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha mzee mmoja akasema fundi huyu juzi alisema mikono ya watu, leo anasema ulimi wa ng'ombe, kesho atasema nini? Kweli kabisa.

Nikaenda mbele ya Bibi Enesi, nikapiga goti nikamwamkia. Nikamwambia, "Bibi, sikubishii. Naomba tu unikumbushe. Mlikatazwa nini?"

"Kukaa juu yake," akasema. "Na kukojoa karibu. Nilichapwa siku moja, nakumbuka mpaka leo."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi tuliwafukuza kwa fimbo."

"Na ng'ombe, bibi?"

Akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Ng'ombe tuliwaleta wenyewe. Jioni. Babu alikuwa anasimama pale, anawaita mmoja mmoja kwa jina lake."

Erica, sikiliza. Pale alipoonyesha kwa mkono ndipo baba alipokuwa anasimama.

Bibi akaomba ashikwe mkono. Mama yangu ndiye aliyemshika. Wakaenda wawili mpaka kwenye jiwe, bibi akainama taratibu, akapitisha kidole uvunguni, akakitia mdomoni. Akabaki ameinama. Tukadhani ameumia. Kumbe analia. Akasema, "Walikufa wote. Ugonjwa uliingia, ukawamaliza ng'ombe wa babu nikiwa sijabaleghe, na babu hakukaa baada yao. Nikabaki na katazo, ng'ombe nikawasahau."

Mwenyekiti akavua kofia akasema basi, hakuna kaburi la kuvunjiwa heshima hapa, familia ya Maduhu inabaki. Nilikuwa nataka kupiga vigelegele. Lakini Bibi Enesi akainua mkono akasema hajamaliza. Akasema jiwe la chumvi halizungushiwi miiba. Kwamba babu yake hakumfukuza ng'ombe wa mtu pale, na kama sisi tunabaki, miiba iondoke.

Unamjua baba. Unajua alivyokuwa anagombana na mbuga nzima ng'ombe wa jirani wakichanganyika na wake. Boma lile la miiba alilijenga kwa mikono yake mpaka likamchana usoni. Na ukiondoa miiba upande ule wa jiwe, kaburi lake linabaki njiani, wazi, kila ng'ombe wa Ivuna apite karibu na kichwa chake.

Watu wote wakanitazama mimi. Ngusa ananitikisia kichwa, hapana, hapana. Nikasema miiba itaondoka.

Sikulala vizuri. Sijui kama nimemlinda baba au nimemtoa. Ila nilitaka kujua jiwe ni nini, na nimejua, na siwezi kuchukua nusu ya jibu inayonipendeza nikaacha nyingine.

Kabula

*

Tunduma
19 Mei 2024

Kabula wangu,

Nimesoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Sina la kusema ila nakupenda, na unanitisha.

Nataka kumaliza jiwe la mzee sasa. Mzee Gwamaka amesema gharama yote ni ya duka, kwa sababu ya aibu ya barua yangu ya kwanza. Niambie maneno, na niambie nilipige mng'aro wa kiwango gani. Naweza kulifanya kama kioo, ukisimama unajiona uso na mawingu nyuma yako. Sijawahi kumfanyia mtu yeyote hivyo. Yeye nitamfanyia.

Erica

*

Ivuna
9 Juni 2024

Erica,

Mpunga umeingia ndani, wabeja, asante kwa Mungu.

Miiba ameiondoa Ngusa. Sikumwomba. Niliamka nikamkuta ameshafika katikati, mikono inavuja damu. Nikaingia upande wa pili tukakutana. Akasema, "Wewe ungekaa juu ya jiwe mpaka leo, si ndiyo?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka. Ni mara ya kwanza tangu Machi.

Jioni ile walikuja ng'ombe wa majirani, wageni kabisa, wakasimama mbali wakinusa. Dume letu jekundu likawatazama, nikajua patachimbika. Likageuka likaendelea kulamba. Basi wakaja. Bibi Enesi aliletwa na mjukuu wake akakaa kwenye kigoda, na kwa kila ng'ombe aliyepita akamuuliza mwenye ng'ombe, huyu anaitwa nani? Wengine hawakuwa na majina. Akawapa.

Wanapita karibu sana na baba. Mwanzoni nilikuwa nafunga macho. Sasa natazama. Kule alikolala hakuna jioni anayokosa kusikia majina ya ng'ombe yakiitwa, na mengi kuliko aliyoyaacha. Namlilia bado, ila silii kwa hasira.

Kuhusu jiwe lake. Mshukuru sana Mzee Gwamaka. Lete kama lilivyotoka kwenye mwamba, kavu, usiliguse kwa grinda wala msasa. Tutalisimamisha kichwani pake, karibu na lile la zamani, na mimi nitakuwa nalimwagia maji ya chumvi. Mng'aro usiwe na wasiwasi nao, wapo watakaoufanya, na wana subira kuliko wewe.

Chonga jina tu, Maduhu. Lichonge kwa kina, maana litalambwa sana.

Kabula